Saa nane ya nani? Kumpa mgonjwa dawa wodini bila kukosea

Kwenye chati pameandikwa 8.00. Nesi aliyeandika alikusudia saa mbili asubuhi. Mwenzake wa zamu, ambaye tangu alfajiri anaongea na ndugu wa wagonjwa kwa saa za Kiswahili, anaisoma saa nane mchana. Dozi imechelewa saa sita na hakuna aliyezembea.

Ndiyo maana hapa tunaanza na saa kabla ya sindano. Tunamwandikia muuguzi anayeshika zamu kusini mwa Tanzania: hospitali za Ligula au Sokoine, Ndanda au Nyangao, au kituo cha afya kilicho mbali zaidi kuelekea Liwale na Tandahimba. Mwongozo wa taifa wa matibabu na agizo la daktari vinabaki palepale. Tunachoshughulika nacho ni ile safari fupi ya dawa kutoka kwenye karatasi hadi mwilini, maana huko ndiko inakopotea.

Saa na siku

Kwenye chati andika mfumo wa saa 24 kwa tarakimu nne: 08:00, 14:00, 20:00, 02:00. Ukiongea na mgonjwa au ndugu, sema saa ya Kiswahili pamoja na kipindi chake: saa mbili asubuhi, saa nane mchana, saa mbili usiku, saa nane usiku. Anayeandika "saa 2" kwenye chati amemwachia msomaji majibu manne, kwa sababu inaweza kuwa 02:00, 08:00, 14:00 au 20:00.

Dozi za kila saa 12 zina mtego wake: namba haibadiliki. Saa nne na nusu usiku, kisha saa nne na nusu asubuhi. Ukiandika "saa 4:30" bila kipindi, wa zamu inayofuata ataona dozi imeshatolewa.

Halafu kuna siku yenyewe. Kwa wazee wengi wa pwani siku mpya huingia jua likizama, kwa hiyo "usiku wa Ijumaa" kwao ni ule wa kuamkia Ijumaa, ambao chati inauita Alhamisi. Chati hubadilisha tarehe saa sita usiku. Wakati wa kukabidhiana zamu usiseme "dozi ya Ijumaa usiku". Taja tarehe na saa: tarehe 14, saa 22:30.

"Kutwa mara tatu" nayo ina lake. Kutwa ni mchana kutwa, na mgonjwa anayejitunzia vidonge atavimaliza vyote vitatu kati ya asubuhi na magharibi, kisha akae saa 12 bila dawa. Kwa antibayotiki unayotaka iwe kila baada ya saa 8, andika 06:00, 14:00 na 22:00, na umwambie: saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana, saa nne usiku. Mwezi wa Ramadhani uliza mapema nani amefunga. Asiyeulizwa huficha kidonge chini ya mto hadi futari. Ukijua, daktari anaweza kuangalia kama dawa inakubali kutolewa wakati wa futari na daku, au kama mgonjwa huyo ana ruhusa ya kula kwa sababu ya hali yake.

Ni nani huyu

Usiulize "Wewe ndiye Fatuma Mohamedi?" Bibi mwenye homa ataitikia "ee" kwa adabu, na wodi moja ya Lindi au Mtwara inaweza kuwa na Fatuma Mohamedi wawili kwa wakati mmoja. Sema: "Shikamoo bibi. Naomba unitajie majina yako matatu." Kisha uliza kijiji anachotoka, kwa kuwa wengi hawana uhakika na tarehe ya kuzaliwa lakini hakuna anayesahau kwao. Linganisha majibu na faili na mkanda wa mkononi. Akiwa anaelewa Kimakonde au Kimwera zaidi ya Kiswahili, mwite ndugu yake, si mgonjwa wa kitanda jirani.

Kwa mtoto, jina la nyumbani na jina la kwenye kadi mara nyingi ni mawili tofauti. Andika yote mawili kwenye faili siku ya kwanza.

Namba ya kitanda si utambulisho. Wagonjwa huhama wakifuata dirisha kwenye joto la Novemba, na msimu wa malaria watoto wawili hulazwa kitanda kimoja. Wakiwa wawili, kila mmoja afungwe plasta mkononi yenye jina, na dawa zao zisikae kwenye sahani moja hata kwa dakika moja.

Uzito

Dozi ya mtoto ni kilo zake. Rudisha mizani kwenye sifuri, mvue nguo nzito, mpime. Akigoma, mpime mama akiwa amembeba, kisha mama peke yake, utoe. Andika kilo na tarehe juu ya chati. Kama mtoto ni mahututi na mizani haipo karibu, kwa umri wa mwaka 1 hadi 10 chukua miaka, ongeza 4, zidisha kwa 2: wa miaka 3 anakadiriwa kilo 14. Andika neno "kadirio" pembeni, na umpime akitulia. Mtoto aliyekonda sana fomula hiyo inamzidishia, kwa hiyo usiitegemee kwake.

Artesuneti, hatua kwa hatua

Artesuneti ni sindano ya malaria kali. Tuchukue mtoto huyo wa kilo 14. Ameletwa na degedege, hawezi kunywa, kipimo cha malaria kinaonyesha vimelea. Kabla hujagusa dawa pima sukari, kwa sababu mtoto wa malaria kali anaweza kufa kwa sukari iliyoshuka huku wewe ukichanganya sindano. Ikiwa chini ya 3 mmol/L, mpe dekstrosi 10% mililita 5 kwa kilo, yaani ml 70, mshipani. Kama stoo ina ya 50% tu, vuta ml 14 za dekstrosi hiyo na ml 56 za maji ya sindano. Umepata ml 70 za 10%. Usimpe ile ya 50% bila kuipunguza makali, inaunguza mishipa.

Sasa dozi. Walio chini ya kilo 20 hupewa miligramu 3 kwa kilo. Kuanzia kilo 20 hupewa miligramu 2.4. Watoto wadogo hupewa zaidi kwa kila kilo kwa kuwa dawa hukaa kidogo mwilini mwao, basi usidhani aliyeandika 3 amekosea. 14 × 3 = 42 mg.

Kichupa cha kawaida ni cha mg 60, lakini vipo vya 30 na 120, na maboksi yake yanafanana. Soma namba kwenye kichupa chenyewe. Kwa cha 60:

1. Vuta ml 1 ya sodiamu bikaboneti 5% iliyokuja ndani ya boksi, ingiza kwenye unga. Tikisa hadi iyeyuke. Mwanzo itakuwa na mawingu, na baada ya dakika moja hivi inatakata. Ikibaki na ukungu, tupa.
2. Toa hewa iliyojaa ndani ya kichupa kwa kuacha sindano wazi juu. Ukiruka hatua hii, mgandamizo utarudisha dawa nje na hutajua mtoto amekosa kiasi gani.
3. Kwa mshipa ongeza ml 5 za dripu ya chumvi 0.9% au dekstrosi 5%. Sasa una ml 6, na kila ml ina mg 10. Kwa msuli ongeza ml 2 tu: una ml 3, kila ml ina mg 20. Maji ya sindano hayatumiki hapa.
4. Gawanya: 42 ÷ 10 = 4.2. Panda hadi ml kamili inayofuata, yaani ml 5 mshipani. Kwa msuli 42 ÷ 20 = 2.1, unapanda hadi ml 3 kwenye paja, ukigawa sehemu mbili.
5. Jaribu kanula (mrija uliochomekwa mshipani) kwa chumvi kidogo kwanza. Ngozi ikivimba, kanula imetoka. Kisha sukuma dawa polepole, ml 3 hadi 4 kwa dakika.
6. Iliyobaki tupa. Mchanganyiko huu hautumiki baada ya saa 1, na hautundikwi kwenye dripu kwa sababu huharibika haraka.

Kosa tunaloona likirudiarudia ni kuchanganya hatua ya 3: dawa imezimuliwa kwa ajili ya msuli, kanula imepatikana dakika ya mwisho, muuguzi anasukuma mshipani kwa hesabu ya mshipa. Mtoto mdogo anaweza kupata karibu dozi mbili. Ukizimua, andika hapohapo kwenye plasta ya sirinji: "artesuneti 10 mg/ml MSHIPA". Sirinji isiyo na maandishi haiachwi mezani hata kama ni yako na unaikumbuka.

Sindano ya kwanza ikiwa 22:30, ya pili ni 10:30, ya tatu 22:30 tena, na baada ya hapo mara moja kwa siku hadi aweze kumeza. Zisipungue tatu hata akiamka na kuomba uji asubuhi yake. Jaza saa zote tatu kwenye chati sasa hivi, ukiwa umesimama pale. Kama zahanati ilimpa artesuneti ya njia ya haja kubwa kabla ya kumtuma, andika saa aliyopewa, lakini sindano ya kwanza haisubiri.

Dawa zisizosamehe

Jentamaisini ipo katika ampuli ya mg 80 ndani ya ml 2 na ya mg 20 ndani ya ml 2. Ujazo ni uleule, nguvu ni mara nne. Ampuli ya mg 80 ikiingia kwenye trei ya watoto wachanga, figo na masikio ya kichanga ndiyo yatakayolipa. Ziweke kabati tofauti. Kwa mtoto wetu wa kilo 14, agizo la mg 7.5 kwa kilo ni mg 105; 105 ÷ 40 = ml 2.6, ampuli mbili. Hesabu ikikuambia ufungue ampuli tatu au zaidi kwa mgonjwa mmoja, simama uhesabu upya. Mara nyingi nukta imehama. Na usiivute kwenye sirinji moja na penisilini, zinauana nguvu. Toa moja, safisha kanula kwa chumvi, ndipo utoe nyingine.

Seftriaksoni haikutani na dripu ya Ringa lakteti wala kalisi (kalsiamu) kwenye mpira mmoja: hutengeneza chembe ngumu ambazo kwa kichanga zimewahi kuua. Ile iliyochanganywa na lignokeini ili isiume ni ya msuli peke yake. Ikipita mshipani, moyo unaweza kusimama.

Potasiamu kloraidi haisukumwi mshipani, kamwe. Ampuli yake inafanana na maji ya sindano, na hapo ndipo hatari ilipo. Itolewe kwenye toroli ya dawa ifungiwe peke yake. Ikiagizwa, huingizwa kwenye dripu, chupa ikageuzwageuzwa angalau mara kumi ili isizame chini, na dripu ikiwa tayari inaning'inia usiiongezee kwa juu. Isizidi mmol 40 katika lita moja, wala mmol 10 kwa saa kwa mtu mzima wa wodi ya kawaida.

Magnesiamu salfeti ya kifafa cha mimba: ya 50% ina gramu 1 kila ml 2. Gramu 4 za kuanzia ni ml 8, ongeza maji ya sindano ml 12 upate ml 20, sukuma kwa muda usiopungua dakika 5. Papohapo gramu 10 kwenye msuli, 5 kila tako, pamoja na lignokeini 2% ml 1 katika kila sirinji. Kisha gramu 5 kila saa 4, tako kwa tako. Kabla ya kila dozi angalia mambo matatu: anapumua mara 16 au zaidi kwa dakika, goti likigongwa linaruka, na mkojo haupungui ml 30 kwa saa katika saa 4 zilizopita. Moja likikosekana, dozi inasubiri na daktari anaitwa. Kalisi glukoneti 10% ml 10 iwe imewekwa kando ya kitanda kile tangu mwanzo. Wakati pumzi inakata si wakati wa kutafuta ufunguo wa stoo.

Insulini: andika neno "yuniti" kamili. Herufi U iliyobanwa na 10 husomeka 100. Tumia sirinji ya insulini tu.

Kwa dawa hizi zote, mwenzako ahesabu peke yake bila kuona jibu lako, ndipo mlinganishe. Ukimwonyesha jibu na kumuuliza "ni sawa?", atasema ni sawa. Ukiwa peke yako usiku, mpigie tabibu wa zamu, msomee uzito na agizo bila jibu, mwache akutajie yeye.

Dripu

Soma pakiti ya mpira: wa kawaida hutoa matone 20 kwa ml, wa damu mara nyingi 15, wa bureti (kichupa kidogo cha kupimia kwenye mpira) 60. Njia ya mkato: ml kwa saa, gawanya kwa 3 kwa mpira wa 20, kwa 4 kwa mpira wa 15, kwa bureti namba haibadiliki. Ml 50 kwa saa ni matone 17 kwa dakika kwa mpira wa kawaida, au 50 kwa bureti. Lita 1 kwa saa 8 ni ml 125 kwa saa, matone 42. Hesabu dakika nzima kwa saa ya mkononi. Bandika plasta ndefu kwenye chupa na uweke alama ya kila saa, ili anayepita aone kwa jicho kama dripu imekimbia.

Kwa mtoto usitundike chupa ya ml 500 kama bureti ipo. Mama akiona matone yamesimama saa tisa usiku atafungua kiroda mwenyewe, na hatuwezi kumlaumu. Mwonyeshe jioni: "Mama, hiki tusikiguse. Kikisimama, niite."

Friji na duka la nje

Oksitosini hukaa nyuzi 2 hadi 8. Joto la mchana la miezi ya mwisho wa mwaka hapa kwetu hupita 30, na ampuli iliyoachwa kutwa kwenye trei ya chumba cha kujifungulia itamwacha mama akitoka damu huku chati ikisema amepewa. Toa ya kutumia tu. Soma kipimajoto asubuhi na jioni, umeme ukikatika usifungue mlango, na soda zikae kwingine. Insulini iliyoganda tupa. Iliyofunguliwa andika tarehe, na baada ya siku 28 iondoke.

Dawa ikiwa imekwisha na ndugu ametumwa dukani, mwandikie jina, nguvu na aina (sindano, kidonge, maji) kwa herufi kubwa. Akirudi, linganisha na agizo kabla ya kumshukuru. Na wakati huo muulize kwa upole kama mgonjwa ametumia dawa ya mizizi au ya kuchanjia. Ukiuliza kwa kukemea, utaambiwa hapana.

Saini, na siku utakayokosea

Saini baada ya mgonjwa kumeza au sindano kuingia. Kusaini chati zote kwanza ili kuokoa muda ndiko kunakozaa mgonjwa "aliyepewa" ambaye alikuwa chooni. Usipotoa, andika sababu: ametapika, dawa haipo, amekataa.

Ukikosea, acha dawa hiyo, kaa na mgonjwa, pima pumzi, mapigo, presha na sukari, mwite daktari, kisha andika ulichotoa hasa na saa yake. Usifute. Akivimba midomo na kukosa pumzi baada ya sindano, adrenalini ya 1 mg/ml: mtu mzima ml 0.5 kwenye msuli wa paja, mtoto ml 0.01 kwa kilo, na inarudiwa baada ya dakika 5 asipopata nafuu. Madhara ya dawa yanaripotiwa TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, kwa fomu ya njano. Muulize mfamasia wako inakaa wapi kabla hujaihitaji.

Akienda nyumbani

Mtoto wetu sasa anakaa na anakula. Anahitaji dozi kamili ya dawa mseto ya malaria, ALu (artemetha na lumefantrini). Akiwa chini ya kilo 15 ni kidonge 1 kila mara, akifika 15 ni 2, ndiyo sababu ule uzito wa kadirio ulipaswa kupimwa upya. Mwambie mama: cha kwanza leo saa mbili asubuhi, cha pili leo saa kumi jioni. Kuanzia kesho saa mbili asubuhi na saa mbili usiku, siku mbili, jumla vidonge sita. Ampe na maziwa au uji wa karanga, maana dawa hii hupenda mafuta. Akitapika ndani ya nusu saa, arudie na aje kuchukua cha kufidia.

Mwombe arudie maneno hayo yeye mwenyewe, kidonge mkononi. Akisema "saa mbili na saa nane", anza upya.

Kisha mwandikie tarehe ya kurudi, siku ya 7 tangu matibabu yaanze. Baada ya artesuneti chembe za damu za baadhi ya wagonjwa huendelea kuvunjika hata vimelea vikiwa vimekwisha, na damu inaweza kushuka wiki moja hadi nne baadaye. Mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, viganja vikipauka, au mtoto akichoka kwa kutembea hatua chache, asisubiri tarehe hiyo.